Mashimo Kwenye Ndege ya Kapteni Aloyce

Mpanda
8 Juni 1997

Mdogo wangu Josefina,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Gaspar, na Mama naye. Sisi hapa hatujambo. Wifi yako Kalista amemaliza kuvuna mahindi, na ghala limejaa mpaka magunia mengine tunalala nayo chumbani. Migebuka mikavu ya ziwani uliyotuma kwa lori la wachuuzi tuliipata, ingawa dereva aliikalia hapa mjini mpaka Kalista akamfuata mwenyewe. Tumeila yote. Mpe Mama shikamoo yangu.

Sasa nije kwenye shughuli. Kapteni Aloyce, rubani wetu, ananiambia kwamba tangu muuguzi wenu wa zamani astaafu, wewe ndiye unayesindikiza wagonjwa wakitolewa Karema kwa ndege yetu kwenda hospitali ya Tabora. Sikujua. Ningalipenda kulisikia kwako kwanza. Anasema pia wagonjwa wanalalamika baridi. Ndege ikishapanda juu, upepo unaingia kama kwenye nyumba isiyo na madirisha. Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa kifua aliomba ateremshwe, ikabidi Kapteni amweleze kwamba huko juu hakuna kituo.

Mimi ndege ile naijua, ndiye fundi wake. Raba za milango zimekauka, ukizibonyeza zinavunjika kama maganda ya muhogo. Shirika letu la ndege limenipa nafasi ya kuziba mashimo. Shida yangu ni moja: ndege ikiwa chini upepo hauingii, kwa hiyo sioni kitu. Kapteni anakaa mbele na koti lake, hajui ya nyuma. Wewe unakaa nyuma na mgonjwa. Safari ijayo niangalizie upepo unatokea wapi, sikioni, mgongoni au miguuni, uniandikie.

Kaka yako,
Evodi


Karema
29 Juni 1997

Kaka Evodi, shikamoo.

Barua yako Kapteni aliniletea mkononi. Huku sote wazima isipokuwa goti la Mama, ambalo linamsumbua akitoka kanisani na halimsumbui akienda. Gaspar yuko Ikola, ameitwa kutengeneza boti la mvuvi mmoja lililopasuka ubavu. Mama ananiuliza maswali yake yale yale kuhusu mimi na Gaspar. Akikuandikia wewe, usimjibu.

Sikukuambia habari ya kusindikiza wagonjwa kwa sababu ungeanza kuniwazia kila ndege ikiruka.

Nimefanya ulivyotaka. Nilichana bendeji nyembamba, nikaning'iniza vipande mahali mbalimbali, nikaangalia kipi kinacheza. Cha mlangoni, usawa wa sikio, kilisimama wima kama bendera. Cha dirisha la nyuma kilitikisika kidogo. Cha miguuni, karibu na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na sisi, nacho kilicheza, na hapo nilisikia harufu kidogo ya injini. Mgonjwa wangu, mama mmoja aliyeungua mkono, aliniuliza kama ni dawa. Nikamwambia ni kazi ya kaka yangu.

Ziba ule mlango kwanza. Watoto wachanga nawafunga blanketi mbili na bado wanakuwa wa baridi mikononi.

Mdogo wako,
Josefina


Mpanda
20 Julai 1997

Mdogo wangu Josefina,

Marahaba. Vipande vyako vya bendeji vimenisaidia kuliko kitabu cha ndege. Kalista anawasalimu, na anasema akipata nafasi atakuja huko kula samaki wabichi badala ya kungoja wa lori.

Nimefanya kazi hivi. Niliingiza ndege bandani, nikafunga milango ya banda kuwe giza, nikawasha taa kali ndani ya ndege. Mzee Lyamba, mlinzi wetu, akazunguka nje. Kila alipoona mwanga unapenya anagonga, nami natia alama ya chaki. Aligonga sana. Baadaye akaniambia, "Evodi, hii ndege ni chujio." Nikabandua raba zote za milango, nikasugua kutu na gundi ya zamani, nikaweka mpya zilizotoka Dodoma. Madirisha nimeyazungushia gundi ya silikoni. Mlango wa mizigo nimeunyoosha, ulikuwa umepinda.

Yamebaki matundu ya ule ukuta wa mbele, mahali nyaya zinapopita kutoka kwenye injini. Pale panahitaji gundi maalumu isiyoungua, nayo haijafika. Kwa sasa nimefunika kwa plasta ya kubandika.

Tumeruka kujaribu. Kapteni anasema kwa mara ya kwanza amesikia redio bila kushika sikio. Na sasa hita ina faida. Zamani alikuwa haiwashi, kwa sababu joto lote lilitoka nje. Hita yenyewe ni hewa tu inayopitishwa juu ya bomba la moshi, yaani ekzosi, inapata joto, halafu inaingia kwenu. Wagonjwa wako hawatatetemeka tena. Niambie unavyoiona.

Kaka yako,
Evodi


Karema
17 Agosti 1997

Kaka Evodi, shikamoo.

Sote wazima. Goti la Mama limepona, sasa ni bega. Gaspar amerudi na anakusalimu sana.

Ndege imekuwa na joto kama jikoni. Tulimpeleka Mzee Machibya, mfugaji aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, ana nimonia. Hakulalamika baridi. Alilala njia nzima, na mimi nilisinzia kidogo. Asante kwa kazi yako, kaka. Huku kila mtu anaisifu.

Mwambie wifi Kalista nina neno naye, ila si la karatasi. Aje.

Mdogo wako,
Josefina


Mpanda
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Josefina,

Habari za huko. Huku ni vumbi na moto wa maporini, kila mtu anakohoa. Kalista alifurahi kusikia una neno naye. Amekuwa akicheka peke yake na hataki kuniambia anachocheka. Atakuja mvua zikichelewa.

Nina jambo la kukuuliza, na nakuomba unijibu upesi.

Wiki iliyopita Kapteni Aloyce alirudi kutoka Tabora, akatua, akazima injini, akabaki amekaa. Nilingoja ashuke. Hakushuka. Nilipofungua mlango alinitazama kama mtu aliyeamshwa, akaniuliza, "Tumefika?" Nilimshika mkono mpaka kivulini. Kichwa kilimuuma mpaka kesho yake. Alipimwa, wakakuta vijidudu vichache vya malaria, akapewa dawa, na kila mtu akaridhika. Lakini hapa kwetu nani anapimwa asikutwe navyo?

Wewe ni muuguzi, unajua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Moshi wa injini una hewa ya namna hiyo hiyo, haina rangi na haina harufu. Naogopa unapenya mahali. Nimeitazama ekzosi kwa nje, ni nzima. Kuitazama kwa ndani ni lazima nifungue koti la bati la hita linaloizunguka, na hilo ni kusimamisha ndege kwa muda na kuagiza vipuri. Ofisi haikubali. Wanasema rubani mmoja kuugua malaria si sababu ya kuacha wagonjwa wa mwambao mzima bila ndege. Siwezi kusema wamekosea, sina ushahidi. Kapteni ameniahidi ataruka hita ikiwa imefungwa na matundu ya hewa yakiwa wazi.

Basi nakuuliza. Tangu Julai, ukiwa ndani ya ndege au ukishashuka, umewahi kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu, au usingizi usio wa kawaida?

Kaka yako,
Evodi


Karema
28 Septemba 1997

Kaka Evodi, shikamoo.

Pole kwa vumbi, na mpe Kapteni pole ya malaria. Sisi tunaendelea. Dagaa wameshuka bei, wanaanikwa mpaka uani kwa padri. Mama anaimba kwaya tena. Mzee Machibya amepona, amemletea daktari wa zahanati jogoo, na mimi mayai.

Kuhusu kichwa, unanijua, mimi ni mtu wa kichwa tangu utoto. Siwezi kusema hiki ni cha ndege na hiki si cha ndege.

Gaspar ameanza kuranda mbao za mninga kwa ajili ya kitanda kidogo. Sikumwambia aanze, na sikumzuia. Ameoa subira mtu yule, miaka yote hii hajanitupia neno. Acha arande.

Wifi asihangaike na safari sasa.

Mdogo wako,
Josefina


Mpanda
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu Josefina,

Tumepata barua yako, nikamsomea Kalista. Nilipofika kwenye kitanda kidogo alininyang'anya karatasi akasoma mwenyewe, kisha akanieleza mambo ambayo wanaume tunaelezwa mwisho. Kwamba huenda una mimba, baada ya miaka yote hii. Kwamba dalili zenyewe ni kichefuchefu, kizunguzungu na usingizi.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nikikupongeza nakudanganya, na nisipokupongeza nakuumiza. Kalista anasema ninyamaze, niache Mungu afanye kazi yake. Lakini juzi nimemwona Kapteni anapanda na mama na mtoto nyuma, nikashindwa kula.

Nakuuliza kama fundi, usinijibu kama dada. Hali hiyo inakupata siku zote, au inakupata siku za ndege?

Na kama mimba ipo, ndiyo sababu kubwa zaidi ya kuniambia.

Kaka yako,
Evodi


Karema
9 Novemba 1997

Kaka Evodi, shikamoo.

Mvua zimeanza vibaya. Lori lilikwama njiani likiwa na barua zote, ndiyo maana umengoja. Lakini si lori peke yake. Barua yako nimekaa nayo pia.

Hili si jambo la mtu kumwandikia kaka yake. Umeniuliza kama fundi, nakujibu kama muuguzi.

Ni siku za ndege. Siku ya ndege na kesho yake, halafu inaisha. Kila safari tangu uzibe milango. Mimi ninayepima wajawazito kila wiki, ninayewaambia wenzangu wasishike dalili moja wakaijengea nyumba, nilishika hiyo hiyo. Siku zangu zilichelewa, na umri wangu huu zinaweza kuchelewa kwa sababu nyingi. Nilijua. Nikamwambia Gaspar hivyo hivyo kwamba huenda nina mimba.

Siku ya Mzee Machibya sikukuambia yote. Alitapika, kisha akalala, nami nikaona nikifumba macho kidogo tu nitakuwa sawa. Nilipofumbua, jua lilikuwa upande mwingine wa ndege. Nikaita, "Kapteni." Kimya. Nikaita tena nikamgusa bega, akasema, "Eeh, Josefina, tunageuka." Akageuza ndege, tukafika. Alisema ni upepo umetusukuma. Nilikubali. Kama ningesema ndege inatuumiza, basi na ugonjwa wangu ungekuwa wa ndege, na mimi nilitaka uwe wangu.

Mwezi uliopita tuliruka hita imefungwa na matundu yakiwa wazi. Tuliganda kwa baridi njia nzima. Tuliposhuka Tabora kichwa changu kilikuwa chepesi, tumbo limetulia, sina hata uchovu. Nikasimama pembeni mwa uwanja nikalia. Kapteni alikuja mbio akidhani mgonjwa amekata roho. Wiki ile ile siku zangu zikaja.

Gaspar nilimweleza nilipofika nyumbani. Alikuwa na randa mkononi. Akaiweka chini taratibu, akauliza, "Na Evodi anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Mwandikie. Kuna watu wanapanda ile ndege." Zikapita siku nyingi, na mimi siku zote hizo nikawa naanza barua hii na kuichana.

Waonyeshe ofisini sehemu wanayoihitaji. Ukiweza, ficha ile nyingine.

Mdogo wako,
Josefina


Mpanda
7 Desemba 1997

Mdogo wangu Josefina,

Ofisini nilinakili habari ya Mzee Machibya na ya kichwa chako tu. Mengine yamebaki nyumbani. Kapteni Aloyce alisoma, kisha akasema, "Nilidhani ni mimi peke yangu. Niliona aibu kusema nimesinzia." Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wetu, akamwambia harushi tena mpaka nifungue. Ndege ikasimama siku hiyo hiyo.

Nilipotoa lile koti la bati la hita, niliiona. Ekzosi imepasuka kwa chini, ufa mrefu kama kidole cha shahada, umezungukwa na unga mweupe wa moshi. Huwezi kuuona kwa nje hata ukilala chini ya injini. Moshi ulikuwa unaingia kwenye hita, na hita inauleta kwenu. Na ile plasta yangu kwenye ukuta wa mbele ilikuwa imeungua na kubanduka, kwa hiyo mwingine ulipita hapo.

Zamani ulikuwa unaingia kidogo na kutoka na upepo wa mlangoni. Mimi nikafunga milango. Kazi ya raba haikuwa mbaya, ila niliianza upande usiofaa. Ukuta wa injini ndio wa kwanza, milango baadaye. Mafundi wenzangu nimeshawaambia, na nimeiandika kwa rangi kwenye ubao wa banda.

Ekzosi mpya imefika kwa treni, na gundi isiyoungua imefika. Kila waya sasa unapita kwenye raba yake na gundi juu. Tulifungulia feni kubwa kuelekea ndani ya ndege milango ikiwa imefungwa, nikapaka maji ya sabuni upande wa injini, na hakuna povu lililotoka. Mbele ya rubani tumebandika kikadi chenye doa la rangi ya machungwa. Doa likigeuka jeusi, kuna moshi. Halafu nilipanda mwenyewe na Kapteni, hita imewashwa mpaka mwisho, tukazunguka mpaka juu ya Kasekese na kurudi. Doa halikubadilika. Mimi nilitapika, lakini Kapteni anasema hiyo ni ya kawaida kwa mafundi.

Kuhusu lile lingine, pole sana, mdogo wangu. Kalista alilia, kisha akaenda shambani akalima mpaka mvua ikamfukuza. Anasema hospitali ya Tabora kuna daktari anayewaona wanandoa waliokosa mtoto. Anasema lazima waende wote wawili, akimwona mmoja tu daktari hafanyi kitu. Nakuandikia alivyosema. Uamuzi ni wenu.

Kaka yako,
Evodi


Karema
11 Januari 1998

Kaka Evodi, shikamoo.

Barabara hakuna tena. Daraja limekwenda na maji, na hata meli imechelewa. Mama yuko salama, paa lake linavuja sehemu mbili, Gaspar ameliziba. Barua hii naiandika nikiwa uwanjani, Kapteni anangoja mawingu yafunguke.

Kabla ya mwaka mpya tulimtoa Salima, mke wa mvuvi mmoja hapa. Uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya. Hospitali ya Mpanda walikuwa wanamngoja kwa upasuaji, ila kwanza tulitakiwa kutua Sitalike kumchukua askari wa wanyamapori aliyevunjika mguu. Mvua ilikuwa inatupiga, hita imewashwa, ndani kuna joto na ukimya. Nilikuwa macho kabisa.

Karibu na Sitalike, Salima akanishika mkono akasema, "Dada, naona giza. Nasikia usingizi." Nikatazama kikadi, doa ni lile lile. Nikajitazama mimi, kichwa changu kizima. Mapigo yake yalikuwa yanakimbia. Basi si hewa, ni damu, inamwagika ndani nisikoiona. Mwezi Agosti nisingejua. Ningesinzia pamoja naye.

Nikamwambia Kapteni, "Usitue. Mpanda moja kwa moja."

"Na askari?"

"Mguu utangoja gari. Huyu hangoji."

Hakuuliza tena. Alizungumza kwenye redio, akapita juu ya Sitalike, na daktari alitukuta uwanjani. Kizazi kilikuwa kimepasuka. Daktari ameniambia kuchelewa kidogo tu kungewachukua wote wawili. Mtoto ni wa kiume, mkubwa, analia kwa sauti nzito. Salima amerudi juzi, anatembea kwa kuinama. Askari aliletwa kwa gari la hifadhi jioni ile ile, na hakunilaumu.

Nilimpokea yule mtoto baada ya upasuaji, nikamfuta, nikamfunga blanketi moja tu. Nilikuwa naogopa nitahisi wivu. Ulikuwepo, lakini mikono ilifanya kazi yake.

Maneno ya wifi nilimsomea Gaspar. Nilitegemea atakaa kimya kama kawaida yake, au aseme niende mimi nipimwe kwanza. Aliosha mikono, akaketi karibu nami, akasema, "Miaka yote hii umekuwa ukijichunguza peke yako. Safari hii nichunguzwe na mimi." Tutakuja maji yakipungua, tulale kwenu siku moja, halafu tupande treni. Mwambie wifi asituandalie chumba cha wageni chenye magunia.

Mawingu yamefunguka, Kapteni ananiita.

Mdogo wako,
Josefina